Ukili na Mshono: Uhakiki wa Lugha ya Ususi katika Pwani ya Kusini ya Kenya

UTANGULIZI

Methali isemayo "Usiache mbachao kwa msala upitao" imefundishwa kwa muda mrefu katika shule za Afrika ya Mashariki, na maelezo yake hayabadiliki sana: mtu asiache kitu chake cha zamani, hata kikiwa duni, kwa ajili ya kitu kizuri ambacho si chake na ambacho hakitadumu. Mwanafunzi huandika maelezo hayo, akapata alama zake, na shauri likaishia hapo. Ni nadra kuulizwa mbacha ni nini, ni nani aliyeusuka, na kwa nini sarufi ya methali hii imeupa mkeka uliochakaa heshima ambayo Kiswahili cha kila siku huwapa ndugu na jamaa.

Ulizo hilo si dogo. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba lugha ya ususi, yaani lugha inayohusu usukaji wa ukili na ushonaji wa mikeka, majamvi, misala na vikapu, ni lugha ya uhusiano wa watu kabla ya kuwa lugha ya vitu; na kwamba kamusi, pamoja na uhakiki wa fasihi, zimechukua nusu tu ya lugha hiyo na kuiacha nusu ya pili. Mfano unaotumika ni wa pwani ya kusini ya Kenya, tangu Diani na Msambweni hadi Funzi, Wasini na Vanga, mahali ambapo visiwa na bara vimekuwa vikitegemeana kwa karne nyingi.

MAHALI NA WATU

Pwani ya Kwale ina jamii kadhaa zilizo jirani mno. Bara, tangu Diani hadi mpakani, wenyeji walio wengi ni Wadigo, ambao lugha yao ni mojawapo ya lugha za Mijikenda. Upande wa bahari, Funzi na Shimoni hujulikana kwa Kichifundi, na Wasini na Vanga kwa Kivumba. Lahaja hizi mbili za Kiswahili zilichunguzwa na H. E. Lambert, ambaye alichapisha maelezo ya Kivumba mwaka 1957 na ya Kichifundi mwaka 1958. Derek Nurse na Thomas Hinnebusch, katika kitabu chao cha mwaka 1993 kuhusu historia ya lugha za Sabaki, waliviweka Kiswahili na Mijikenda katika ukoo mmoja. Kwa hiyo Mdigo wa Msambweni na Mvumba wa Wasini wanapokutana, lugha zinazokutana ni za ndugu waliotengana kisha wakaendelea kuazimana.

Zaidi ya hao, wako Wapemba ambao kwa vizazi kadhaa wamevuka mkondo wa bahari wakifuata samaki, wakatua na kuoa katika vijiji vya pwani hii. Serikali ya Kenya iliwatambua rasmi kuwa mojawapo ya jamii za nchi hiyo mwaka 2023. Utambuzi huo ulikuja baada ya miaka mingi ambayo watu hao hawakuwa na vitambulisho, ingawa walikuwa na wake, wakwe, majirani na makaburi ya wazee wao katika nchi hiyo hiyo. Mfano huu wafaa kukumbukwa, kwa kuwa unaonyesha tofauti iliyopo baina ya uhusiano unaoandikwa katika karatasi na uhusiano unaojengwa kwa mikono na kwa makao ya pamoja. Lugha ya ususi inahusu uhusiano wa aina hii ya pili.

KUFUMA, KUSUKA NA KUSHONA

Kiswahili kina vitenzi vitatu ambavyo mgeni aweza kuvichanganya. Kufuma ni kazi ya uzi: zamani ilikuwa kazi ya kitanda cha mfumi, na siku hizi neno hilo hutumika pia kwa kazi ya sindano na uzi wa sufu. Kusuka ni kazi ya kupitanisha vipande: majani, nywele, kamba. Kushona ni kazi ya kuunganisha vilivyokwisha kuwa vizima, kila kimoja peke yake.

Ufumaji wa nguo ulikuwako pwani tangu zamani. Wachimbaji wa mambo ya kale wamepata Kilwa na kwingineko vigae vya vyungu vilivyotobolewa, ambavyo vilitumika katika kusokota uzi wa pamba. Lakini nguo za kutoka Bara Hindi, na katika karne ya 19 nguo za Marekani ambazo jina la nchi hiyo lilizigandia, zilipunguza nguvu za kazi hiyo. Ususi haukupatwa na jambo hilo kwa haraka. Majani ya mkindu na miyaa hayakuhitaji mtaji, hayakuhitaji mtambo, na kazi yenyewe iliweza kuchukuliwa mkononi kutoka ua huu kwenda ua ule. Mwanamke aliyekwenda kumjulia hali jirani yake alikwenda na ukili wake. Mazungumzo yakaendelea, na vidole vikaendelea.

Ukale wa kazi hii waonekana hata katika uundaji wa maneno. Mtu asukaye huitwa msusi. Katika neno hili sauti k ya kusuka imegeuka kuwa s mbele ya kiambishi tamati -i, kama vile k ya kupika ilivyogeuka katika mpishi, na d ya kulinda ilivyogeuka katika mlinzi. Uundaji wa namna hii ni wa kale katika Kiswahili. Majina mapya ya watendaji huundwa kwa -ji, na sauti za shina hubaki kama zilivyo, kama katika msukaji. Lugha ilikwisha kumpa msusi jina lake zamani. Hata hivyo, leo aghalabu neno hili hutajwa kwa mtu asukaye nywele, na msusi wa ukili amebaki nyuma yake.

Sasa na itazamwe kazi yenyewe. Majani machanga hukatwa, huanikwa juani, na yanayotakiwa kuwa na rangi huchemshwa pamoja na rangi. Kisha huchanwa kuwa chane, yaani vipande vyembamba vyenye upana unaolingana. Chane husukwa zikawa ukili, ambao ni utepe mrefu. Ukili huo, ukishatosha, hushonwa ukingo kwa ukingo mpaka ukawa mkeka. Hatua hizi mbili za mwisho ndizo zenye maana kwa mjadala huu. Kusuka ukili aweza mtu mmoja, popote, kwa muda wowote alio nao. Mkeka, lakini, si lazima uwe wa mtu mmoja. Ukili wa mama, wa binti, wa wifi na wa jirani huweza kukutana katika mkeka mmoja.

Kukutana huko kuna masharti. Ukili wa chane nyingi ni mpana na ukili wa chane chache ni mwembamba; viwili hivyo vikishonwa bila mpango, mkeka huvutana na haulali sawa sakafuni. Kwa hiyo wasusi wanaotaka kushona pamoja sharti wapatane mapema juu ya idadi ya chane, juu ya rangi na juu ya mapambo. Hata urefu hupimwa kwa viungo vya mwili: shibiri mbili hufanya dhiraa, na dhiraa nne hufanya pima, ambayo ni urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa. Mikono ya watu haifanani. Mwenye mikono mifupi na mwenye mikono mirefu wakikubaliana pima kumi kila mmoja, tayari wamekubaliana pia kuvumiliana.

Kamusi za Kiswahili, tangu ile ya Krapf ya mwaka 1882, ya Johnson ya mwaka 1939, hadi Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981, zimefanya kazi kubwa ya kuhifadhi majina ya vyombo. Lakini kwa kawaida kamusi hueleza ukili kwa umbo na matumizi yake: ni utepe uliosukwa kwa majani, na hushonewa mikeka. Maelezo hayo ni ya kweli, ila hayamwambii msomaji kwamba ukili ni kitu kisichokamilika chenyewe, kitu ambacho maana yake ni kungojea kingine. Anayesoma kamusi humwona msusi mmoja na utepe wake. Hawaoni wale wanaongojewa.

Ushahidi mwingine umo katika mnyambuliko. Kutokana na kushona, lugha imepata kushonana: hunenwa kwamba miti imeshonana, au watu wameshonana, yaani wamekaribiana hata pasipatikane nafasi baina yao. Hapo kitenzi kimevuka kutoka kwenye uzi kikaingia kwenye hali ya watu na vitu kuwa pamoja. Kusuka kumekwenda njia nyingine: husukwa njama, husukwa mpango, husukwa maneno. Hiyo ni kazi ya akili ya mtu, na mara nyingi ina siri ndani yake. Basi, ndani ya lugha yenyewe, kusuka kumeelekea kwenye ufundi wa mtu, na kushona kumeelekea kwenye ukaribu wa watu.

SARUFI YA "MBACHAO"

Yafaa sasa kuirejea methali iliyotajwa mwanzoni. Mbacha ni mkeka uliochakaa. Mkeka hauchakai kwa kutundikwa ukutani. Huchakaa kwa kukaliwa, kulaliwa, kuliwa chakula juu yake na kupokelea wageni. Kuchakaa kwake ni kumbukumbu ya watu waliokuwa juu yake.

Neno mbachao limeundwa kwa kufupisha mbacha wako. Ufupisho huu wa kivumishi cha kumiliki, katika usemi wa kila siku, hutumika hasa kwa majina ya jamaa na watu wa karibu: mkeo, mumeo, mwanao, nduguyo, mwenzio. Husemwa mwanao, lakini mtu akitaja kiti au kisu husema kiti chako, kisu chako. Mbachao imeundwa sawasawa na mwanao. Kwa sarufi yake methali imemchukua mkeka mkuukuu na kumketisha pamoja na mtoto, mke na ndugu.

Hapana budi kukubali pingamizi moja. Katika ushairi na katika Kiswahili cha zamani ufupisho huo huenea hata kwa majina mengine, kama jinale na moyowe, na watunzi huutumia ili kupata vina na mizani. Mtu aweza basi kusema kwamba mbachao imeletwa na haja ya kina tu, ili ilingane na upitao. Pingamizi hili lina nguvu, lakini halimalizi shauri. Bali likitazamwa vizuri linazidi kuifungua methali. Vipande viwili vya methali vinaishia kwa sauti moja, -ao. Katika mbachao, -o ya mwisho ni ya umilikaji: inamtaja mtu, wewe unayeambiwa. Katika upitao, -o ya mwisho ni ya urejeshi: inaurejelea msala wenyewe na mwendo wake tu. Msala huo hauna mwenyewe ndani ya methali. Haukusemwa kuwa ni mbaya, wala haungeweza kusemwa hivyo, maana ni mkeka wa ibada wenye heshima zake. Kasoro yake ni moja: unapita.

Kwa hiyo kina kimeviunganisha vipande viwili ambavyo sarufi imevitenganisha. Msikilizaji husikia sauti ile ile mara mbili, na mara ya pili hukuta kwamba mtu hayumo. Maelezo ya shuleni, kwamba methali inalinganisha kitu duni na kitu kizuri, au cha zamani na kipya, hayatoshi. Methali inalinganisha kitu chenye uhusiano na kitu kisicho na uhusiano. Ndiyo maana hutumika vizuri zaidi inapomhusu mwanamume anayetaka kumwacha mkewe, au kijana anayewasahau waliomlea, kuliko inapomhusu mtu anayebadilisha samani zake. Wasemaji wameielewa sarufi yake siku zote. Waliochelewa ni wafasiri.

JAMVI, MATANGA NA MKEKA

Methali hii haiko peke yake. Msiba ukitokea pwani, wafiwa hukaa matanga, na muda ukiisha matanga huanuliwa. Umbo la neno hilo ni lile lile la wingi wa tanga, ambalo katika vyombo vya zamani lilikuwa tanga la ukili. Chombo mashuhuri cha namna hiyo ni mtepe: mbao zake zilishonwa kwa kamba za usumba wa nazi, na tanga lake lilisukwa kwa majani. Chombo kizima, kwa hiyo, kilikuwa kazi ya kusuka na kushona. Yawe yawayo kuhusu asili ya neno la msiba, jambo moja liko wazi: katika matanga watu huketi na kulala juu ya mikeka na majamvi yaliyokusanywa kutoka nyumba mbalimbali. Nyumba moja haina mikeka ya kutosha waombolezaji wote. Hesabu ya mikeka iliyoletwa ni hesabu ya watu wanaomtambua marehemu kuwa wao.

Jamvi nalo limeingia katika lugha ya hadhara. Katika Kiswahili cha leo suala huletwa jamvini, yaani mbele ya watu ili lijadiliwe, na mkutano ukimalizika jamvi hukunjwa. Maneno haya hutumika katika kumbi zenye viti na meza, mahali ambapo hakuna jamvi hata moja. Kitu kimeondoka, uhusiano kilioubeba umebaki.

Mfano wa tatu watoka mahali ambapo wataalamu wa lugha aghalabu hawapendi kutazama. Vijana wa Kenya na Tanzania wanaobashiri matokeo ya michezo kwa fedha huiita orodha ya ubashiri wao mkeka; mchezo mmoja ukienda kinyume, husema mkeka umechanika. Mtu aweza kuudharau mchezo huo, na pengine ana haki. Lakini sitiari yenyewe ni sahihi kwa kiasi cha kushangaza. Katika orodha hiyo kila mchezo umeshonwa kwa mwingine, na mmoja ukiharibika yote imeharibika. Vijana ambao pengine hawajapata kushika chane mkononi mwao wameirithi maana ya mshono kwa njia ya lugha peke yake.

KISIWA NA BARA

Uhusiano unaosemwa hapa una msingi katika ardhi na maji. Wasini ni kisiwa cha mawe ya matumbawe. Hakina mto, na kwa muda mrefu wakazi wake wametegemea maji ya mvua yaliyohifadhiwa katika mabirika. Mkindu, kwa upande wake, ni mti upendao kingo za mito na mahali penye majimaji, kama vile nyanda za mito Mkurumuji, Ramisi na Umba upande wa bara. Kisiwa cha namna hiyo hakiwezi kujitosheleza kwa ukindu. Majani sharti yavuke maji kwenda kisiwani, kama vile samaki wanavyovuka kuja bara. Mkeka wa kisiwani, basi, una bara ndani yake tangu chane ya kwanza.

Jambo hili linaleta shaka juu ya namna jamii za visiwa zinavyoelezwa mara kwa mara, kana kwamba kisiwa ni mahali palipojifunga na sanaa zake ni zake peke yake. Wataalamu wa lahaja wamekwisha kuonyesha kinyume chake. Kivumba na Kichifundi zina mambo mengi yanayozikaribisha na lugha za bara, na mpaka baina ya Kiswahili na Kidigo katika vijiji hivi si ukuta, ni ukingo. Na ukingo, kwa msusi, ndipo panaposhonewa.

Haifai, hata hivyo, kuipamba hali hii kupita kiasi. Mshono ndio unaounganisha, na mshono ndio unaoachia kwanza mkeka unapovutwa. Pwani ya Diani, tangu hoteli za watalii zilipoongezeka katika nusu ya pili ya karne ya 20, imezoea kuona kazi ya mikono ya wanawake ikigeuzwa bidhaa. Mapaa mengi ya hoteli huezekwa kwa makuti, na makuti hayo hushonwa vijijini na wanawake ambao hulipwa kwa hesabu ya makuti. Baina ya anayeshona na anayelala chini ya paa hilo wapo madalali na wenye magari. Kitenzi ni kile kile, kushona, lakini hapa hakimshoni mtu kwa mtu. Vikapu na mikeka ya mapambo inayouzwa ufukweni hupita mikononi kama msala wa methali: huonekana, husifiwa, ikaondoka na mgeni. Fedha inayopatikana ni ya halali na inalisha watoto, wala mhakiki hana haki ya kuidharau akiwa kitini pake chuoni. Lakini yampasa aone kwamba kazi moja inaweza kuwa na lugha mbili, na kwamba mikeka ya plastiki inapoingia nyumbani na mikeka ya ukili inapokwenda sokoni, maneno chane, ukili, shupatu na mbacha yanabaki katika vinywa vya wazee kuliko vya watoto.

MSUKO KATIKA UHAKIKI WA FASIHI

Hapa ndipo lugha ya ususi inapogusa kazi ya idara za lugha moja kwa moja. Katika miaka ya 1970 na 1980 wahakiki wa Kiswahili walijitahidi sana kupata istilahi zisizokuwa za kuazima. Kwa mpangilio wa matukio katika hadithi, wengine walisema ploti, na wengine wakachagua msuko. Neno msuko limepata nguvu na linastahili, kwa kuwa ni neno zuri lenye asili. Kwa ushairi, neno la kale ni kutunga, ambalo pia ni la kazi ya mikono: hutungwa shanga na hutungwa samaki. Kaluta Amri Abedi alipochapisha Sheria za Kutunga Mashairi mwaka 1954, hakuhitaji kueleza neno hilo kwa mtu yeyote.

Lakini kutunga na kusuka, zote mbili, ni kazi za mtu mmoja mwenye uzi wake au chane zake. Mhakiki anayetumia msuko huuliza: mwandishi amesukaje matukio yake? Kwa riwaya iliyoandikwa na mtu mmoja, swali hili latosha. Kwa fasihi simulizi halitoshi. Mtambaji husema "Paukwa!" na wasikilizaji wakajibu "Pakawa!" Mtegaji husema "Kitendawili!" na wenzake wakajibu "Tega!", wakishindwa kufumbua hutakiwa kutoa mji, na mtegaji akipewa mji aupendao ndipo huutoa ufumbuzi. Katika nyimbo za harusi mmoja huanza na wengine hupokea. Majibu hayo aghalabu huelezwa kuwa ni vianzio au mapambo, yaani vitu vilivyo nje ya msuko. Kwa mtazamo wa ususi, hapo ndipo pana mshono. Bila mwitiko huo, hadithi ya mtambaji ni ukili uliokunjwa pembeni: umesukwa vizuri, lakini hapana awezaye kuukalia.

Istilahi ya mshono, ikikubaliwa kando ya msuko, ingeweza kuufaa uhakiki kwa njia tatu. Kwanza, ingeyarudisha maneno ya wasikilizaji ndani ya kazi ya sanaa. Pili, ingeeleza vizuri zaidi namna hadithi moja inavyosimuliwa tofauti Msambweni na Wasini: si matoleo mabovu ya hadithi moja iliyo safi, bali ni kili za mikono mbalimbali zinazoweza kushonwa. Tatu, ingebadilisha namna ya kukusanya. Ni kawaida mkusanyaji kumtenga bibi mmoja chumbani mbele ya kinasa sauti ili kelele za watoto na majirani zisiingie. Anachopata ni sauti safi. Anachokosa ni mkeka.

Hata mjadala maarufu wa fani na maudhui wafaa kutazamwa upya kwa jicho hili. Wako waliolinganisha fani na kikombe, na maudhui na kinywaji kilichomo. Wakapingwa na waliosema kwamba viwili hivyo ni pande mbili za sarafu moja. Kikombe chaweza kumwagwa kinywaji kikabaki kikombe. Sarafu ni bora zaidi, lakini pande zake hazitazamani. Katika ukili, jani ndilo kitu na jani ndilo pambo. Ukiufumua msuko ili uone kilichomo, hubakiwi na mkeka, bali na majani. Na mkeka ukiwa mzima, bado haujamaliza kazi yake mpaka watu waukalie.

HITIMISHO

Imeonekana kwamba lugha ya ususi katika pwani ya kusini ya Kenya haikusanyi majina ya vyombo tu. Katika uundaji wa msusi kuna ukale wa kazi. Katika kushonana kuna ukaribu wa watu. Katika mbachao mkeka umepewa sarufi ya jamaa. Katika matanga na jamvini uhusiano umedumu hata pale ambapo mkeka wenyewe haupo. Mambo hayo yanatoka katika jamii ambazo hazikuweza kuishi kila moja peke yake, kwa kuwa kisiwa kilihitaji majani ya bara, na bara lilihitaji samaki wa kisiwa.

Kazi iliyo mbele ya wanaleksikografia na wahakiki ni ya haraka. Kamusi ijayo ya lahaja za kusini haitoshi ikiandika kwamba ukili ni utepe wa majani. Yapasa iseme pia husukwa kwa chane ngapi, hupimwaje, hushonwa na nani pamoja na nani, na hupelekwa wapi. Nao wahakiki, ambao wamekwisha kuazima msuko kutoka mikononi mwa wanawake hawa, wana deni la kuurudia ua walikoukuta na kuchukua mshono pia. Wenye maneno hayo bado wapo Msambweni, Funzi na Wasini, na wengi wao ni wazee. Wakiondoka kabla ya kuulizwa, vyuo vitabaki na kili nyingi zilizosukwa vizuri, na hapatakuwa na ajuaye kuzishona.